Mbuzi Sitini

Mshale wa mita ya kupimia asidi ulikataa kusogea. Damaris Bochaberi aliukodolea macho kwa dakika arobaini, kalamu mkononi, halafu akaandika alichokuwa ameandika jana na juzi na wiki iliyopita: saba nukta nne.

Mbele yake, katikati ya vikombe viwili vya plastiki vilivyobanwa pamoja, kulikuwa na kipande cha mfuko wa nyongo ya mbuzi, chembamba kama ganda la kitunguu. Pande zote mbili alikuwa ametia maji ya chumvi. Kwa maelezo, kazi ilikuwa rahisi. Seli za mfuko huo hufyonza sodiamu kutoka kwenye maji, na badala yake hutoa haidrojeni. Haidrojeni ikizidi, maji huwa na asidi, na mshale hushuka. Daktari Motari, msimamizi wake wa masomo, alikuwa ameyathibitisha hayo katika makala iliyompa jina. Damaris alitakiwa kuyarudia tu, kisha aendelee mbele kwenye seli za utumbo.

Ilikuwa Mei, 1996. Alikuwa na miezi mitano katika maabara hiyo ndogo ya Homa Bay, na hakuwa ametoka pale alipoanzia.

Alibadilisha chumvi. Alibadilisha maji. Aliomba barafu kwa wachuuzi wa samaki aina ya mbuta ili nyongo isiharibike njiani. Alfajiri ya kila jaribio alisimama machinjioni na themosi yake, kabla mbuzi hajachunwa.

"Mwalimu, hii nyongo yako itanikosanisha na watu," Maroa, mchinjaji, alimwambia siku moja. Alimwita mwalimu kwa sababu alijua ameacha kazi ya kufundisha kule Awendo ili arudi kusoma. "Wenye hoteli wananiuliza, matumbo watapika namna gani bila uchungu kidogo?"

"Nivumilie, mzee. Nikipata ninachotafuta, nitawaachia zote."

Hakukipata. Kila Jumatatu alipanga foleni kwenye simu ya posta ili amweleze hivyo Daktari Motari, aliyekuwa Nairobi.

"Bado?"

"Bado, Daktari. Nimefikisha mbuzi ishirini na sita. Nilikuwa nafikiri, labda mbuzi wa huku..."

"Damaris, mbuzi wa huku ndio hao hao. Mimi nilifanya hii kazi hapo hapo, mwaka wa themanini na tisa. Mbuzi sitini, kutoka machinjio hayo hayo. Hakuna hata mmoja aliyenisumbua."

"Ndiyo, Daktari."

"Basi shida ni mikono yako. Wafadhili wanataka ripoti mwisho wa mwezi. Kama imekushinda, sema, nafasi nimpe mwingine."

Alirudi maabara akiitazama mikono hiyo. Ilikuwa imekamua ng'ombe tangu utotoni, ikapasua vyura mbele ya darasa zima bila kutetemeka. Sasa hakuiamini tena. Sufuria ikimponyoka jikoni, alisikia sauti ya Daktari Motari kwenye simu. Alirudia kazi polepole, akashika kipande kwa ncha za koleo tu, akazuia pumzi. Saba nukta nne. Siku moja mshale ulishuka hadi saba nukta tatu, akasimama kwa furaha. Kumbe betri ilikuwa imeisha.

Awendo asingeweza kurudi. Darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi aliketi na daftari jipya. Jua lilikuwa bado juu, Sabato haijaingia, na alitaka kumaliza kabla haijaingia. Akaandika mbuzi wa kwanza: sita nukta tisa. Wa pili: saba kamili. Wa tatu: sita nukta nane. Alizitawanya namba kidogo kidogo kuzunguka majibu ya Daktari Motari, mpaka wakatimia wote thelathini na mmoja. Lile daftari la zamani alilichoma jikoni, ukurasa baada ya ukurasa.

Hakujiona mwongo. Jibu lilijulikana, aliyelikosa ni yeye. Alichofanya ni kusahihisha makosa ya mikono yake, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kesho yake kanisani alifungua kitabu cha nyimbo, akasimama na wenzake, akakifunga kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Jumapili asubuhi alimkabidhi kondakta wa basi la Nairobi bahasha yenye ripoti. Akangoja hadi basi lilipopotea kwenye kona. Kisha akapita machinjioni na pakiti ya majani ya chai, kuaga.

"Leo sichukui kitu, mzee. Nimemaliza."

"Ulipata?"

"Nilipata," alisema, akitazama pembeni. "Nimekuja kukushukuru. Tumekusumbua sana, mimi na mwalimu wangu."

"Mwalimu wako nani?"

"Daktari Motari. Hukumbuki? Mwaka wa themanini na tisa. Alichukua hapa nyongo za mbuzi sitini."

Maroa alifuta kisu kwenye aproni, akafikiri.

"Themanini na tisa mimi nilikuwa hapa," alisema. "Lakini huyo amekudanganya, mwalimu. Mbuzi tulianza kuchinja hapa tisini na tatu, tulipojengewa hii banda. Mbele ya hapo ilikuwa ng'ombe peke yake."