Kijitabu cha Makame

Tunu alimletea Mzee Shamte, fundi wa kujalidi vitabu, vijitabu vitano vilivyochakaa. Vilikuwa na sheria za mchezo ambao watu huketi mezani, hurusha dadu, na kila mmoja hujifanya mtu mwingine. Miaka yote kila mchezaji alitunza kimoja kwake. Sasa Tunu alitaka viwe kitabu kimoja.

Shamte alipanga kurasa, kisha sindano ikasita.

"Mwanangu, hiki kinasema anayetumbukia mtoni amekufa. Hiki kingine kinasema aulizwe kwanza nani anamngoja ng'ambo. Akijibu, arushe dadu, huenda akaibuka. Nitoe kipi?"

Tunu alikinyakua cha pili, akakisoma mara mbili.

"Hiki alikaa nacho mwenzetu Makame, na siku ile hakuja mchezoni," alisema. "Mtu niliyejifanya mchezoni alitumbukia mtoni, tukamhesabu maiti. Mwaka wa tisa huu nawatazama wenzangu tu wakicheza."

"Kwa hiyo?"

"Vishone vyote, Mzee." Alitoa dadu mkobani, akaifumbata. "Lakini kwanza niulize."

Shamte aliona haya kidogo, ila naye alitaka kujua. Akaweka sindano chini.

"Nani anakungoja ng'ambo?"

Tunu akataja jina. Dadu ikabiringika juu ya kurasa ambazo bado hazijashonwa, na wote wawili wakainama kuitazama.