Leo Hakuna Kuvushana

"Kwani kaka, wewe kazi yako nini hapa? Unaongea tu. Sisi ndio tunaopigana," alisema Yasmini, mdomo umejaa chipsi.

Wenzake wakacheka. Kila Jumapili wanakuja nyuma ya duka langu hapa Tunduma kucheza mchezo wa mashujaa wa kubuni, wa kutupa dadu mezani, na mimi ndiye ninayewatungia kila kitu: vijiji, wachawi, vita. Wao huja na simu na njaa. Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Shujaa wa Yasmini alikuwa mbele ya jitu lililochomoka kutoka ndani ya kimondo. Ilikuwa zamu ya jitu kupiga.

Dadu ya jitu huwa naitupa nyuma ya kipande cha boksi, wasiione. Nyuma ya boksi hilo nimemvusha shujaa wake mara nyingi, kama sukari inavyovushwa hapa mpakani. Dadu inasema afe, mimi natangaza amekoswakoswa.

Nikalikunja boksi, nikalikalia.

"Mbona umelitoa?" Yasmini akauliza.

"Leo hakuna kuvushana."

Nikaitupa dadu katikati ya meza. Ikagonga sahani yake, ikazunguka, ikatulia.

"Isome mwenyewe," nikamwambia.

Akaacha kutafuna.