Namba Kumi na Saba

"Kumi na saba!" aliita mwalimu wa darasa, macho kwenye rejista. Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini na wanne, kwa hiyo aliita namba tu, akasikiliza sauti, akatia alama.

"Nipo, mwalimu!" akaitikia Kasuku, mwanafunzi hodari wa kuiga sauti, kutoka nyuma, kwa sauti nyembamba ya rafiki yake mwenye namba hiyo, na kile kikwaruzo chake kidogo mwishoni.

Hakuna aliyecheka. Siku ya kwanza walicheka mpaka machozi. Hii ilikuwa ya tisa. "Niitikie siku mbili tu, mwenzangu," rafiki yake alikuwa amemwomba. "Nyumbani nimesema niko kwa shangazi." Anakokwenda hakusema.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Mwanangu!"

Alikuwa mama wa yule rafiki, ndala moja mguuni, nyingine imekatika mkononi, analia huku anacheka. "Shangazi yake anasema hakumwona hata siku moja! Nikajua yamekwisha. Kumbe yupo! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Akapita kati ya madawati, akitazama uso baada ya uso, na kila uso ukimpunguzia kicheko. Kwenye kiti kitupu ubavuni mwa Kasuku akasimama.

Kalamu ya mwalimu ilikuwa imeganda juu ya alama tisa za bluu.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "hebu mwite tena."

Mwalimu akalamba midomo. "Kumi na saba."

Darasa zima likageuka kumtazama Kasuku.