Nyegere na Shemeji Yake Mtoni

Sogeeni niwaambie ya Nyegere na shemeji yake Fisimaji. Hao kazi zao walikuwa nazo, ila wakipumzika walikwenda mto wa mlimani kuosha mchanga, watafute dhahabu kwa raha zao tu. Siku hiyo kwenye karai ikabaki punje inayong'aa.

"Karai langu hili!" akasema Nyegere.

"Mchanga nimechota mimi!" akasema Fisimaji.

"Basi nirudishie dada yangu!"

Dada mtu, mke wa Fisimaji, aliyekuwa nao hapo mtoni, akaiweka punje juu ya jiwe, akaigonga kwa jiwe lingine. Dhahabu ya kweli ukiigonga inalala bapa. Hii ikawa unga.

Nyegere akashusha pumzi. "Afadhali, shemeji. Nilishaanza kukuchukia."

"Mimi nilishakuchukia kabisa," akajibu Fisimaji, na wote watatu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndoa ikapona hivyo.