Nepi ya Nne

Nepi ya kutupwa, iliyokwisha kutumika mara moja, ilikuwa imeanikwa dirishani tangu jana. Mama Bonge aliibonyeza katikati, akaikuta bado ina unyevu, akaitupa kando. Mara moja aliwahi kumvalisha mwanawe nepi iliyokaushwa hivyo, na mtoto akatoka vipele mapajani hadi akawa analia akiguswa tu. Hakutaka kurudia.

Mpya ilibaki moja. Kituo alikomwacha Bonge mchana kilitaka nne kwa kila mtoto, kila siku. Ilikuwa saa moja kasorobo, na kazini geti lilifungwa saa mbili kamili. Mwezi huo alikwisha kuchelewa mara mbili. Msimamizi wake hakupandisha hata sauti; alimwambia tu kwamba mara ya tatu asijisumbue kuja kuomba radhi, kwani nje kuna watu kumi wanaoitaka nafasi yake.

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka mbiombio.

Kwanza alikwenda kliniki, kwa yule nesi aliyempa Bonge jina hilo la utani siku ya kupimwa uzito, kwa sababu ya mashavu. Mlango ulikuwa bado umefungwa, akagonga dirisha. Nesi akamwingiza kwa mlango wa nyuma hadi kwenye kabati la nepi za msaada. Rafu tatu tupu. Ya chini ilikuwa na nepi mbili zilizosukumwa pembeni. Nesi akaeleza kwamba wafadhili wameahidi kuleta nyingine wiki ijayo, kama walivyoahidi wiki iliyopita, na akina mama wameanza kugombana kwenye foleni.

Mama Bonge alizichukua zote mbili. Akaigeuza moja, akapitisha kidole gumba kwenye kibandiko cha pembeni.

"Hii gundi yake imekaa upande," alisema. "Mtoto akijigeuza itaachia."

"Una macho wewe," nesi akasema. "Mimi nashika nepi mwaka mzima, sijawahi kuona kitu kama hicho."

Mama Bonge akamshukuru akiwa tayari mlangoni.

Sasa alikuwa na tatu. Njiani alibisha hodi kwa wifi yake, ambaye kitinda mimba wake alikuwa bado mdogo. Kufuli lilining'inia mlangoni. Akabisha tena, kana kwamba kufuli lingebadili nia, kisha akaendelea na safari.

Mlezi wa kituo alimpokea kwa upole, akafungua mkoba wa nepi, akaufunga.

"Ni tatu, Mama Bonge."

"Mwache na hiyo ya tatu mpaka jioni. Nitakuja kumwosha mwenyewe."

"Na vile vipele vikirudi, utamlaumu nani?"

Mama Bonge akasema ataleta vitambaa. Mlezi akamwonyesha bomba kwa kidevu: maji yalitoka siku mbili tu kwa wiki, na watoto walikuwa kumi na tisa. Mwezi uliopita alimwonea huruma mzazi mwingine, akaishia kumvalisha mtoto wa mzazi huyo nepi ya mtoto mwingine, na mzazi wa mwenye nepi alimjia juu mbele ya kila mtu. Alisema haya yote bila ukali, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Bonge. Mtu mkali angeweza kugombana naye.

Alitembea hadi geti la kituo, akarudi. Akatembea tena. Alifikiria kumlaza mtoto kwenye jamvi na kukimbia. Mama mmoja alifanya hivyo. Mtoto alilelewa vizuri siku ile, na kesho yake nafasi yake kituoni ikapewa mtoto mwingine. Bonge alimvuta sikio, akacheka. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini.

Wakati huo akaingia fundi viatu na mapacha wake, mmoja kila mkono. Alikuwa amesikia. Aliwaweka wanawe chini, akachomoa nepi moja kwenye mfuko wao, akamkabidhi mlezi.

"Weka kwa Bonge," alisema. "Wangu wakipungukiwa nipigie simu. Kibanda changu kiko hapo kona, na bosi ni mimi mwenyewe."

Mama Bonge alimshukuru, akamfungua mtoto mgongoni, akampa mlezi. Fundi akamwangalia kichwani.

"Una nyuzi za pamba kwenye nywele. Kazi yako ni ya magodoro?"

"Karibu na hapo," akajibu huku akijipangusa haraka, na hakumtazama usoni.

Akakimbia. Alikata njia nyuma ya karakana za mabati, akaruka mtaro, akapishana na mikokoteni, watu wakimpisha bila kujua anafukuzwa na nani. Alipofika, mlinzi alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili akilivuta. Akapenya kiubavu. Mlinzi akaichukua pochi yake na kuifungia kabatini, maana hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuingia au kutoka ukumbini na kitu mkononi.

Akanawa, akavaa kofia na glavu, akasimama mahali pake. Msimamizi aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia yeye, akapita. Mama Bonge alikuwa akihesabu masaa ya kumbadilisha Bonge: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Nepi nne zingetosha, Bonge asipoharisha.

Mashine ikanguruma, mkanda ukaanza kutembea, na mbele yake zikaja nepi, nyeupe, kavu, mamia kwa dakika. Ya kwanza iliyotoka na pembe iliyokunjika aliidaka, akaitupa kwenye tundu la kusagia nepi zenye kasoro, akageukia inayofuata.