Barua ya Kukataza Sigara

“…tena mwanamke, jamani! Mwanamke ndiye kapeleka barua baraza la mji, sigara zipigwe marufuku humu mgahawani!” Bwana Makungu, mwenye mgahawa, alicheka mpaka akakohoa. “Kesho wanaisoma, na jina lake juu. Atanitambua! We Riziki, lete moto.”

Riziki alielekea jikoni. Miaka sita anawawashia wateja sigara kwa kaa la jikoni. Yeye mwenyewe havuti, lakini daktari kamwambia mapafu yake ni ya mvutaji. Barua ile kaiandika yeye.

Alilibana kaa kwa koleo, akamsogezea bosi. Likawa linachezacheza karibu kabisa na ndevu zake.

“Mbona unatetemeka hivyo, mwanangu? Au unamjua huyo mwanamke?”

Kaa lilibaki hewani kati yao, jekundu.

“Kesho, bosi,” alinong'ona. “Kesho nitakusimulia yote.”