Kastabini ya Germaine

Germaine alibonyeza simu mara tatu kwa kidole chenye kastabini yake ya plastiki ya kushonea. Simu haikuitika. Jana wenye mtandao walifunga ukurasa wake wa kuuzia nguo bila sababu, wateja wote wakapotea nao. Leo binti yake alikuwa akimwonyesha mtandao mwingine.

“Patron wa huku, mwenye kufunga kurasa, ni nani?”

“Hakuna patron mumoja, mama. Ni kama jumuiya zetu za parokia: kila jumuiya ni nyumba, iko na mukubwa yake, lakini bantu ba nyumba zote banasikilizana.”

“Na mukubwa akinifukuza?”

“Unabeba bantu bako, unaenda nyumba ingine.”

Nje, cherehani za mtaa wa Kamalondo zilikuwa zinanguruma.

“Nyumba ya bashonaji, mukubwa yake ni nani?”

“Ile haiko bado.”

Germaine alivua kastabini, akabonyeza. Simu ikaitika.

“Andika jina yangu pa mukubwa.”